Paul Bomani na Mizani ya Senta

Ni desturi ya kijarida hiki kwamba kabla ya kusoma hesabu na kuombana michango, tunamkumbuka kwanza mtu mmoja wa kanda yetu ya ziwa aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua hayati Mzee Paul Bomani. Harambee yetu safari hii ni ya kuifufua senta, na senta yetu, kama senta nyingi za Usukuma, Uzinza na Ukerewe, ilikua ikizunguka ghala la pamba na mizani. Huwezi kuieleza habari ya ghala hilo ukamwacha Bomani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 huko Ikizu, upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista wa Sabato. Alisoma katika shule za kanisa hilo, na vita kuu ya pili ilipokuwa ikielekea ukingoni alikuwa karani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Hakukaa huko sana. Alirudi Mwanza mjini, na mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Kilikuwa chama kidogo cha wenye maduka waliotaka kununua bidhaa kwa pamoja. Hapo ndipo alipojifunza kutunza daftari, kuitisha kikao na kuwasikiliza watu wenye shida ya fedha.

Shida kubwa ya siku zile ilikuwa pamba. Wazee wetu walilima, wakapalilia, wakachuma, wakatenga pamba safi na pamba fifi, kisha wakabeba mizigo kichwani au kwa baiskeli hadi kituo cha kununulia. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, na mnunuzi huyo huyo ndiye aliyeisoma. Viwanda vya kuchambua pamba na biashara ya kununua vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wengi wao wenye asili ya Asia, na mkulima asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuhakikisha uzito wa pamba yake. Alichoambiwa ndicho alichopokea. Manung'uniko yalikuwa kila mahali, lakini manung'uniko hayapimi pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuchangishana ili kuweka wapimaji wao wenyewe. Mzigo ulipimwa kwanza na mtu wao, ndipo upelekwe kwa mnunuzi, na uzito ukalinganishwa. Jambo hilo lilikuwa dogo kwa macho, lakini liliwafundisha watu kwamba senti chache za kila mmoja zikikusanywa zinaweza kumlipa karani anayewatumikia wao. Bomani alizunguka vijijini akieleza hilo. Wakati huo alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa Sukuma Union na wa Tanganyika African Association katika Jimbo la Ziwa, lakini aliposimama mbele ya wakulima alizungumza habari za mizani. Mwaka 1952 vikundi hivyo viliunganishwa kuwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na vyama vya msingi vikaanza kuandikishwa kisheria.

Mwaka 1953 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporudi alikuta kazi inamngoja. Mwaka 1955 vyama vya msingi na miungano yake viliungana na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu Mwanza, naye akawa meneja mkuu. Alikuwa na miaka 30. Tukumbuke pia hali ya siasa ilivyokuwa: serikali ya kikoloni ilikuwa imekataa kuandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa tangu 1954, na katazo hilo liliendelea hadi 1958. Katika miaka hiyo chama cha msingi cha pamba kilikuwa mojawapo ya mahali pachache ambapo mwanakijiji wa kawaida aliweza kupiga kura, kumchagua mwenyekiti, kumuuliza mweka hazina maswali na kumwondoa kiongozi asiyefaa. Baba zetu walijifunza kujitawala ghalani kabla bendera haijapandishwa.

Ushirika ulikua upesi. Kufikia mwaka 1959 pamba yote ya kanda ilikuwa inanunuliwa kupitia vyama vya ushirika, na vikaja pia viwanda vya kuchambulia, Kasamwa kule Geita kikiwa miongoni mwa vya kwanza. Na hapa ndipo senta zetu zilipopata uhai. Kila chama cha msingi kilihitaji ghala, na ghala lilihitaji barabara ya kupitisha lori. Msimu wa kununua ulipofunguliwa, fedha ziliingia. Mwenye cherehani alifungua kibaraza chake karibu, fundi baiskeli akafuata, muuza chumvi, mama wa chai na maandazi, kisha duka la nguo. Watu walikutana wakipanga foleni ya mizani. Posa zilijadiliwa hapo, ugomvi wa mipaka ulisuluhishwa hapo, habari za ndugu wa mbali zilipatikana hapo. Mkulima aliyepokea malipo yake ya pili, ile bonasi ya mwisho wa msimu, alinunua bati moja au mbili, na nyumba za bati zikaanza kuonekana.

Bomani mwenyewe aliitwa kwenye kazi za taifa. Mwaka 1960 aliingia katika baraza la mawaziri la Mwalimu Nyerere akishughulikia kilimo na ushirika, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Kijana wa daftari la Mwanza sasa alishika daftari la nchi nzima.

Hatutaki kuandika habari zake kama za malaika, kwa hiyo hatutaruka mwaka 1965. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka huo, Bomani, akiwa bado Waziri wa Fedha, alishindwa nyumbani Mwanza. Watu aliowafundisha kupima walimpima na yeye. Mwalimu alimteua kuwa mbunge na akaendelea kuwa waziri, lakini somo lilikuwa limetolewa. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati ya kuchunguza malalamiko ya wanachama wa ushirika nchini. Vyama vilikuwa vimekua haraka kuliko uwezo wa watu kuvisimamia. Gharama zilipanda, makarani waliongezeka, na mkulima aliyekuwa akimshuku mnunuzi wa zamani alianza kumshuku karani wa chama chake mwenyewe. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini imani ikishavunjika hairudi kwa sheria peke yake.

Bomani aliwakilisha nchi yetu Marekani akiwa balozi tangu 1972 hadi 1983, kisha akarudi kulitumikia taifa nyumbani. Alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Sasa tuitazame senta yetu. Ghala bado limesimama, ila bati zimetoboka na popo ndio wanachama waliobaki. Mizani ya zamani imeshika kutu. Vibaraza vinne vimefungwa, na vijana wanapanda bodaboda kwenda kununua misumari na dawa za mifugo mbali, wakati fedha hiyo ingeweza kuzunguka hapa hapa. Siku ya mnada watu wanakuja, wanauza, wanaondoka kabla ya saa tisa kwa kuwa hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna taa. Mkutano wa kijiji unafanyikia chini ya mwembe, na mvua ikinyesha ajenda zinaahirishwa.

Kamati yetu inapendekeza kazi tatu. Kwanza, kuezeka ghala upya ili liwe ukumbi wa mikutano na sehemu ya kuhifadhia mazao. Pili, kujenga choo na kuweka taa katika uwanja wa mnada. Tatu, kununua mizani mpya ya umma, itakayokaa mahali pa wazi, ambayo muuza dagaa, muuza mpunga na muuza pamba ataitumia bila kumwomba mnunuzi.

Tunajua swali mlilo nalo, maana baadhi yenu mmeliuliza waziwazi: tukitoa, nani atatuonyesha zilikokwenda? Ni swali la haki, na wazazi wetu wangeliuliza. Kwa hiyo kabla ya kuezeka bati la kwanza tutasimamisha ubao pale senta. Kila mchango utaandikwa hapo, na kila matumizi pamoja na namba ya risiti. Anayekaa Dar es Salaam au ng'ambo atatumiwa picha ya ubao huo kila mwezi. Kamati itasomewa hesabu zake mbele ya mkutano wa kijiji mara mbili kwa mwaka, na mwanakijiji yeyote, awe ametoa milioni au debe la mchanga, ana haki ya kusimama na kuuliza.

Ushirika wa Bomani ulipata nguvu siku mkulima alipoiona namba kwenye mizani kwa macho yake, na ulidhoofika siku alipoacha kuiona. Sisi tumeyaona yote mawili katika kijiji kimoja. Toeni mnachoweza, ndugu zetu, kisha njooni mtupime.