Jon Postel, mgawaji wa anwani za intaneti

KOMPYUTA za ofisi nyingi duniani zina anwani zinazoanza na 10 au 192.168. Mpangilio huo una mkono wa Mmarekani Jon Postel, aliyezaliwa California mwaka 1943.

Mwaka 1981 alihariri kanuni zilizoipa intaneti anwani takriban bilioni 4.3. Mwaka 1985, yeye na Jeffrey Mogul walieleza namna ya kuugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo, kila idara ipate fungu linaloitosha. Fungu la anwani 256, kwa mfano, huhudumia vifaa 254. Ya kwanza huutambulisha mtandao, ya mwisho hupeleka ujumbe kwa wote.

Postel aliongoza IANA, mamlaka ya kugawa namba hizo. Ilipobainika kuwa anwani zitakwisha, mamlaka hiyo ilitenga mafungu matatu ya faragha, yaliyothibitishwa katika kanuni za mwaka 1996. Ofisi yoyote huyatumia ndani ya mtandao wake bila kuomba kibali. Kubwa kuliko yote, la 10, lina anwani 16,777,216.

Postel alifariki dunia Los Angeles Oktoba 16, 1998, akiwa na umri wa miaka 55. Akiba kuu ya IANA ilikwisha Februari 2011, lakini mafungu ya faragha yangali yakitumika.