Barnum, Mwenye Sarakasi: Maisha Nyuma ya Neno

Mpita njia katikati ya jiji la Nairobi, au huko Westlands na Kangemi, hukutana na neno 'jumbo' kwenye bidhaa za ukubwa usio wa kawaida. Aghalabu hatujiulizi lilivyoenea. Lilivumishwa na ndovu mmoja wa Afrika na Mmarekani aliyemnunua, Phineas Taylor Barnum.

Barnum alizaliwa tarehe 5 Julai 1810 mjini Bethel, Connecticut. Baada ya kujaribu biashara ya duka, mnamo 1835 alinunua haki ya kumwonyesha hadharani Joice Heth, ajuza kipofu aliyekuwa mtumwa. Alitangaza kwamba bibi huyo alikuwa na umri wa miaka 161 na ndiye aliyemlea George Washington. Heth alipofariki mwaka 1836, Barnum aliwatoza watu kiingilio ili watazame maiti ikipasuliwa. Daktari alibaini kwamba marehemu hakuzidi miaka 80 hivi.

Mwaka 1842 alifungua jumba la maonyesho jijini New York, nalo likateketea mwaka 1865. Mwaka huohuo, akiwa katika bunge la Connecticut, alitetea haki ya Wamarekani weusi ya kupiga kura. Ndiyo maana si rahisi kumhukumu kwa neno moja.

Sarakasi aliiingia mwaka 1871, akiwa na miaka 60. Mwaka uliofuata, mahema, wasanii na wanyama walianza kusafirishwa kwa reli kutoka mji hadi mji. Mnamo 1881 aliungana na mshindani wake, James Bailey. Mwaka 1882 alimnunua Jumbo kutoka bustani ya wanyama ya London kwa pauni 2,000. Ndovu huyo alikamatwa kaskazini-mashariki mwa Afrika angali mtoto. Wapo wanaolinasibisha jina lake na 'jambo' au 'jumbe' la Kiswahili. Wengine hulitafutia asili magharibi mwa bara hili. Septemba 1885 aligongwa na garimoshi mjini St. Thomas, Kanada, akafa. Barnum aliagiza ngozi ijazwe na mifupa iunganishwe, maonyesho yakaendelea.

Barnum alifariki tarehe 7 Aprili 1891. Sarakasi iliyobeba jina lake iliwaondoa ndovu mwaka 2016, ikafungwa mwaka 2017, kisha ikarejea mwaka 2023 bila wanyama.

Huku kwetu Ngara, iliyokuwa sinema ya Shan iligeuzwa ukumbi wa Sarakasi Dome, ambamo vijana walijifunza kuruka na kupinda viungo kwa hiari yao, wakitajwa kwa majina yao. Hapo ndipo tofauti ilipo. Barnum alichapisha tawasifu yake mwaka 1855, akaifanyia marekebisho mara kadhaa. Heth hakuacha hata ukurasa mmoja. Tunachokijua juu yake kimeandikwa na wengine. Sisi wanafunzi wa fasihi tunaposoma tawasifu za wakubwa, hatuna budi kuuliza ni nani aliyesimama jukwaani bila kupewa nafasi ya kusimulia.