Richard Buchta, Mpiga Picha wa Lado

Askari aondokaye Juba akafuata ukingo wa magharibi wa Mto Nile kuelekea kaskazini hupata, baada ya kilomita chache tu, mahali paitwapo Lado. Ngome haipo tena, wala gati ya meli za moshi haipo. Mpita njia asiyejua habari za kale hawezi kudhani kwamba hapa palikuwa makao makuu ya jimbo zima la Ikweta, lililotawaliwa na Misri, lenye vituo vya askari vilivyotapakaa hadi ndani ya nchi ambayo leo tunaiita Uganda. Lakini tunajua jinsi nchi hiyo ilivyokuwa, na sura za watu wake tunazijua pia, kwa sababu karibu mwaka 1878 alishuka huko mtu mmoja aliyebeba kamera, masanduku ya vioo na chupa za dawa. Mtu huyo ni Richard Buchta, ambaye maisha yake tunayasimulia leo.

Buchta alizaliwa tarehe 19 Januari 1845 katika mji wa Radłów, jimbo la Galicia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Austria na sasa limo katika Poland. Tangu ujanani hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Alizunguka katika nchi kadhaa za Ulaya, akapita Uturuki, na mwaka 1870 akaingia Kairo, mji ambao kwa miaka saba ulikuwa maskani yake. Kairo ya siku zile ilikuwa mlango wa kila Mzungu aliyetamani kuona chanzo cha Nile. Wengine walipita mlangoni humo wakitafuta pembe za ndovu, wengine cheo katika serikali ya Misri, na wengine sifa ya kuchora ramani. Buchta alitaka picha.

Mwaka 1877 alipanda mto hadi Khartoum. Gavana Mkuu wa Sudan alikuwa Charles Gordon, afisa wa jeshi la Uingereza aliyeajiriwa na Misri, na kwa msaada wake Buchta aliruhusiwa kuendelea kusini. Hapa tuseme jambo ambalo wasomaji wetu wenye kuvaa sare watalielewa upesi. Tangu kamera ilipoingia katika nchi hii, aliyeishika alihitaji ruhusa ya mwenye bunduki. Buchta hakusafiri kama ndege wa porini. Alisafiri kwa hisani ya serikali, juu ya meli za serikali, akilala katika vituo vya serikali, na jambo hilo halina budi kukumbukwa kila tunapozitazama picha zake.

Safari ya maji kutoka Khartoum hadi maeneo ya Juba ni takribani kilomita 1,700. Katikati yake limo bwawa kuu la Sudd, ambamo mafunjo na magugu yaelayo hushikamana hata yakawa kama ardhi, na meli ikinaswa hutoki kwa nguvu ya moshi peke yake. Katika miaka ile ile aliyokuwa Buchta huku kusini, magugu yaliufunga mto kwa muda mrefu, na Jimbo la Ikweta likakatika na Khartoum: hapakuja barua, mishahara, nguo wala risasi. Mwaka 1880 Romolo Gessi, Mwitalia aliyekuwa gavana wa Bahr el Ghazal, alinaswa humo pamoja na watu wake kwa miezi, na wengi wakafa kwa njaa. Basi mtu aliyeingia nchi hii na masanduku ya vioo aliweka rehani kazi yake pamoja na roho yake.

Kijana wa leo hupiga picha mia kwa simu kabla ya chai ya asubuhi. Zama za Buchta picha ilikuwa mzigo wa wapagazi. Kamera ilikuwa sanduku la mbao lililosimama juu ya miguu mitatu. Picha ilinaswa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kila picha moja ilihitaji kioo chake. Palihitajika hema au chumba kisichopenya nuru, maji safi, na dawa zilizochukia joto na vumbi, katika nchi ambayo joto na vumbi havikosekani. Mpagazi akijikwaa kwenye jiwe, kazi ya mwezi mzima ingeweza kugeuka vigae. Naye aliyepigwa picha alipaswa kusimama kimya bila kutikisika, kama askari kwenye gwaride anapokaguliwa, mpaka kifuniko cha kamera kirudishwe. Ndiyo maana nyuso za picha za kale hazicheki. Watazamaji wengi hudhani kwamba wazee wetu walikuwa na huzuni au hasira, kumbe aghalabu walikuwa wameambiwa watulie.

Huko Lado Buchta alimkuta Emin, ambaye mwaka 1878 alikuwa amefanywa gavana wa Ikweta. Huyu alikuwa daktari, mzaliwa wa Silesia, jina lake la awali Eduard Schnitzer, mtu mwenye macho mabovu lakini mpenzi mkubwa wa elimu, aliyekusanya ndege, wadudu, mimea na maneno ya lugha. Mwenyeji wa namna hii alikuwa bahati njema kwa mpiga picha. Kati ya mwaka 1878 na 1880 Buchta alitembea katika jimbo hilo, akafika kusini hadi pande za Bunyoro, na magharibi katika nchi ya Makaraka, wanakoishi watu wa asili ya Zande. Aliwapiga picha Wabari, Waacholi, Wanyoro, Wazande na wengineo. Alipiga picha za nchi pia, kwani alijali mandhari kama alivyojali nyuso.

Vituo alimolala havikuwa nyumba za wageni. Vilikuwa ngome zenye maboma ya miti, zenye askari waliotoka makabila mengi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa utumwani wakiwa wadogo kisha wakatiwa jeshini. Mishahara ilichelewa au haikuja kabisa. Chakula kilitoka kwa majirani, na hakikutoka kwa hiari siku zote. Vikosi vilikwenda vijijini vikarudi na nafaka na ng'ombe. Wabari walikwisha kupigana na Samuel Baker kwa sababu ya ng'ombe hao hao huko Gondokoro, ng'ambo ya mto, katika mwaka 1871 na 1872, na jeraha hilo lilikuwa bichi Buchta alipofika. Hatusemi kwamba Buchta mwenyewe alipora. Tunasema kwamba mtu aliyesimama mbele ya kamera yake aliona nyuma ya kamera hiyo serikali iliyochukua ng'ombe wake.

Hata hivyo picha zenyewe ni za ajabu. Mojawapo yajulikanayo sana huonyesha wanaume wa Kizande wamesimama na ngao zao kubwa za kusuka, na pamoja nao kipo kinubi. Tumeitazama picha hiyo mara nyingi. Ngao ni za vita, kinubi ni cha wimbo, na vyote viwili vimo katika fremu moja bila kugombana. Msafiri aliyeandika kwa kalamu tu angechagua kimoja: ama angewasimulia kuwa watu wa vita wa kutisha, ama watu wa ngoma. Kioo hakikuchagua. Kilipokea kila kilichokuwa mbele yake, na kwa hiyo kimetuletea hata yale ambayo pengine mpiga picha mwenyewe hakuyaangalia: jinsi kamba ilivyofungwa na jinsi nywele zilivyosukwa.

Mwaka 1881 mjini Berlin ilichapishwa albamu yake iliyokuwa na picha 160, yenye jina la Kijerumani lenye maana ya Nchi za Nile ya Juu, aina za watu na mandhari. Dibaji iliandikwa na Profesa Robert Hartmann. Buchta hakufungua shule ya upigaji picha, lakini albamu ile ilikuwa shule. Watu wa Ulaya waliosoma habari za Nile ya Juu kwa miaka ishirini katika vitabu vya Speke, Baker na Schweinfurth, na kutazama michoro tu, sasa walifundishwa kutazama nyuso zenyewe. Kabla yake hapakuwa na mkusanyo wa picha za kamera wa ukubwa huo kutoka nchi hii.

Lakini angalieni yale maneno, aina za watu. Wasomi wa siku zile walitaka sura ya kabila. Hawakushughulika na jina la mtu. Kwa hiyo ukiondoa wakubwa wachache, watu waliopigwa picha wamebaki wakiitwa Mbari, Mwacholi au Mzande, basi. Polisi akileta mahakamani picha ya mtu bila jina, mahali wala siku, hakimu atamuuliza maswali mazito. Elimu ya Ulaya haikuuliza maswali hayo, na hasara yake tumeirithi sisi. Yupo mtu aliye hai leo Juba au Yei ambaye babu wa babu yake amehifadhiwa katika kioo hicho, naye hana njia ya kumtambua.

Jambo la pili lililoipata kazi yake linawahusu wasomaji wetu wa polisi hasa. Wakati huo mitambo ya kuchapa vitabu ilikuwa bado haijaweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja pamoja na maandishi kwa wepesi. Ilibidi fundi aichonge upya juu ya ubao, kisha ubao upakwe wino. Picha za Buchta zikawa mali ya mafundi hao. Zilichongwa katika vitabu vya wasafiri na vya wasomi, kimojawapo kitabu kikubwa cha Friedrich Ratzel juu ya mataifa ya dunia. Nao mafundi wa zama zile walikuwa na desturi ya kusahihisha: kumtoa mtu katika picha moja na kumweka katika mandhari ya nyingine, kupanda mnazi pasipo na mnazi, kukaza misuli na kukunja nyuso. Kila mpelelezi anajua kwamba ushahidi hupoteza nguvu kadiri unavyopita mikononi. Msomaji wa kitabu alidhani anaona alichokiona Buchta, kumbe alikuwa akiona alichokitaka fundi wa Leipzig au London ambaye hajawahi kutoka nje ya mji wake. Ndiyo sababu picha zake halisi, zilizochapwa kutoka kwenye vioo vyenyewe, zina thamani kuliko maelfu ya nakala zilizotangulia kutufikia.

Mwaka ule ule wa albamu, 1881, Mahdi aliinua bendera yake katika Sudan. Mwaka 1884 Lupton, gavana wa Bahr el Ghazal, alitekwa, na mwezi Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Emin alibaki kusini na askari wake, wamekatika na dunia. Buchta akiwa Ulaya sasa alifanya kazi ya namna nyingine. Mwaka 1884 alitoa kitabu kidogo juu ya Sudan na Mahdi, na mwaka 1888 kitabu kikubwa juu ya Sudan chini ya utawala wa Misri. Mwishoni mwa kitabu hicho alitia barua ambazo Emin na Lupton walimwandikia msafiri Wilhelm Junker kati ya mwaka 1883 na 1885, barua za makamanda waliozingirwa. Junker mwenyewe alikuwa amepenya hadi Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1886, na Buchta ndiye aliyemsaidia kuitayarisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikuu cha safari.

Na wale askari wa vituo? Mwaka 1889 Stanley alimwondoa Emin, lakini askari wengi na jamaa zao waliachwa nyuma karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli akawachukua kwenda Uganda, na kutoka kwao likakua jeshi la Uganda, ambalo mwaka 1902 liliingizwa katika King's African Rifles. Wazao wao ni Wanubi wa Uganda na Kenya, na Kinubi wanachokisema ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Askari msomaji wa ukurasa huu ambaye nyanya yake alizungumza Kinubi anapoitazama picha ya Buchta, huenda anatazama nchi ambayo ukoo wake uliondoka kwa miguu.

Buchta hakuiona Lado tena. Mwezi Mei 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo lote la Lado, katika mkataba ambao wenyeji hawakuulizwa. Tarehe 29 Julai mwaka huo huo Buchta alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 49. Eneo la Lado lilirudi Sudan mwaka 1910, na baadaye makao ya serikali yakajengwa Juba, kusini kidogo ya boma la kale. Sehemu ya picha zake imehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers ya Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo katika karne hii imeziorodhesha moja moja, kila picha na mahali pake na watu wake kwa kadiri ilivyowezekana. Mahali pengi pamejazwa. Nafasi ya majina, katika picha nyingi, ingali wazi.