David Livingstone na tembe la Kwihara

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – Chitambo, leo nchini Zambia, 1 Mei 1873) alikuwa daktari, mmisionari na mpelelezi wa Afrika. Akiwa mtoto wa miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha pamba.

Mwaka 1871 alikutana na Henry Morton Stanley huko Ujiji. Kwa kuwa vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimefunga njia kuu ya misafara, walizunguka upande wa kusini hadi Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, wakafika Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani. Livingstone alibaki miezi mitano akisubiri wapagazi, afya yake ikiwa tayari dhaifu, akaondoka tarehe 25 Agosti.

Alirudi akiwa maiti. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walizika moyo wake Chitambo, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Huko Unyanyembe Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wauzike palepale. Walikataa. Mbele ya safari walilazimika kuuficha kama mtumba wa nguo, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Alizikwa London katika Westminster Abbey, 18 Aprili 1874.

Tembe alimokaa, nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilijengwa upya mwaka 1957. Leo ni makumbusho na kivutio cha watalii, ingawa wabebaji wale hutajwa mara chache kuliko Stanley.