Seyyid Barghash na Mji wa Waendao kwa Miguu

Mimi nakaa Al Amerat, nyuma ya majabali ya Muscat. Barabara zetu ni pana na laini, lakini hebu toka kwa miguu kwenda dukani saa nane mchana mwezi wa Juni! Jua la utosini, kivuli hakuna, na magari yanapita kama yanafukuzwa. Ile barabara ya mlimani ya kwendea Bausher imewahi kupandwa na waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour of Oman. Sisi wengine tunaiogopa hata kwa teksi.

Jioni moja nikitembea baada ya Magharibi nilimkumbuka Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Wengi tunamjua kwa Beit al-Ajaib tu. Leo nataka tumtazame kwa jicho la mhandisi: alimfanyia nini mtu anayekwenda kwa miguu?

Alizaliwa mnamo mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan aliyetawala Oman na Unguja pamoja. Baba alifariki baharini mwaka 1856, Thuwaini akabaki na Oman na Majid akachukua Unguja. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alijaribu kumwondoa kaka yake, Waingereza wakaingilia, akashindwa na kupelekwa Bombay kwa kiasi cha miaka miwili. Yaani, na yeye aliwahi kuishi ughaibuni kama sisi, ila yeye hakuomba nafasi. Na wakati yuko huko, mwaka 1860, Bombay ilianza kupata maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar.

Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash akakalia kiti. Alirithi mji wenye majonzi. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu, na Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo. Mwaka 1873, kwa kubanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa likafungwa. Lakini tusifichane: utumwa wenyewe uliendelea mashambani, na karafuu zilizojaza hazina yake zilichumwa na watumwa. Kila jema nitakalomtajia hapa lilijengwa kwa fedha hiyo.

Mwaka 1875 alikwenda London, akapokewa na Malkia Victoria. Katika utawala wake ndipo maji ya chemchemi ya Chemchem yalipofikishwa mjini kwa mfereji na mabomba. Kwa wanaosoma uhandisi, hili ndilo jambo lake kubwa kuliko jumba lolote. Mtu asiye na chombo cha kupanda hubeba kila kitu kwa kichwa na mikono, maji kwanza. Ukimsogezea maji karibu, umempunguzia safari kabla hujamjengea barabara. Akajenga na hamamu ya watu wote, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni.

Beit al-Ajaib ilikamilika mwaka 1883, ikiwa na umeme na baraza pana zinazokata jua pande zote. Iliunganishwa na majumba ya jirani kwa vivuko vya juu, ili wanawake wa jumba la kifalme wapite bila kuonekana. Wakubwa walipita juu, raia wakapita chini.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, na mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, yeye wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Akiwa mgonjwa alisafiri kuja huku Oman, nchi ya baba yake, akarudi Unguja, na Machi 1888 akafariki.

Vichochoro vya Mji Mkongwe havikuchorwa na yeye, vilikuwepo. Vyembamba, nyumba ndefu zinatiliana kivuli, na baraza za mawe zinampumzisha mzee na mzigo wake. Humo gari haliingii, na mwenye baiskeli analazimika kwenda taratibu na kugonga kengele. Barghash aliongeza kilichopungua, maji, na mji ukabaki wa miguu.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Hata hivyo, Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Jiwe la Unguja linataka kutunzwa, na mitaa nayo ni hivyo hivyo. Nje ya vichochoro, kila uwanja ulio wazi unageuzwa maegesho, na pikipiki zinapenya hata palipokuwa pa watoto kucheza.

Wengi wetu tutarudi nyumbani na shahada, tuombwe kupanua barabara. Kabla ya kuchora, tuulize kwanza: kivuli kiko wapi, maji yako wapi, bibi mwenye kikapu atapumzika wapi, atavukia wapi? Hapa Al Amerat nimejifunza kwamba lami peke yake haimfikishi mtu dukani.