Mwaka ambao watawa wa Rupertsberg walikatazwa kuimba



Likizo iliyopita nilipangiwa utume katika kigango kimoja cha mbali kidogo na parokia. Wiki ya kwanza tu, kikao kikaisimamisha kwaya. Ugomvi wenyewe mnaujua, haupishani sana toka kigango hiki hadi kile: fedha za sare, nani alishika daftari, nani alimjibu vibaya mwalimu wa kwaya mbele za watu. Wazee wakanigeukia mimi, frateri, nitoe maoni. Nikasema wapumzishwe tu, Misa ni Misa hata bila kwaya. Nilikuwa nimetoka kumaliza falsafa, na mtu akitoka kumaliza falsafa ana jibu la kila kitu. Kwa hesabu zangu kulikuwa na kiini cha Misa, na kulikuwa na mapambo. Wimbo niliuweka kwenye mapambo, karibu na maua na vitambaa.

Dominika iliyofuata Padre alikuja, Misa ikasomwa, haukuruka hata mstari mmoja, na mapema kabisa tukawa nje. Mama mmoja mzee akanishika mkono mlangoni, akaniambia kwa upole tu kwamba leo amejisikia kama katoka kwenye mkutano wa kijiji. Kisha akaenda zake.

Hilo neno lilinikaa. Na usiku ule ndipo nilipomkumbuka Mtakatifu Hildegard wa Bingen, ambaye chuoni nilimpitia haraka haraka kama jina la kukariri kwa ajili ya mtihani wa zama za kati. Sasa nikamsoma vizuri. Leo nataka niwasimulie habari zake, hasa mwaka wake wa mwisho, maana kilichompata uzeeni kilinifanya nione aibu.

Hildegard alizaliwa mwaka 1098 huko Ujerumani, katika familia ya kikabaila. Mapokeo yanasema alikuwa mtoto wa kumi, na wazazi wake wakamtoa kwa Mungu kama zaka, yaani kama vile mtu anavyotoa sehemu ya kumi ya mavuno. Akiwa bado binti mdogo aliwekwa chini ya malezi ya mwanamke mmoja mchaji aitwaye Jutta, na tarehe 1 Novemba 1112 wawili hao wakafungiwa rasmi katika makao madogo kando ya monasteri ya Wabenediktini ya Disibodenberg. Jutta alimfundisha kusoma Zaburi na kuziimba. Hapo ndipo shule yake yote ya muziki ilipoanzia. Hakusomea nota chuoni, hakuwa na mwalimu mkubwa. Alikuwa na Zaburi, mchana na usiku, miaka na miaka.

Waliowahi kulala Peramiho, Ndanda au Hanga wanaelewa ninachosema. Kengele inalia kabla jua halijachomoza, unajikokota na usingizi wako hadi kanisani, unakuta wamonaki wameshasimama pande mbili, upande huu unaimba, upande ule unajibu. Siku ya kwanza unahesabu kurasa zilizobaki. Siku ya tano unashtuka kwamba Zaburi inajiimba yenyewe kichwani ukiwa unaosha vyombo. Sasa chukua hiyo uizidishe kwa maisha mazima ya mtu.

Jutta alifariki mwaka 1136, na masista wakamchagua Hildegard awe mkuu wao. Mwaka 1141, akiwa na miaka arobaini na miwili na zaidi, alipata ono la mwanga mkali pamoja na agizo la kuandika aliyokuwa akiyaona. Alikuwa akiona mambo hayo tangu utotoni ila aliogopa kusema, na hata sasa aliogopa mpaka akaugua. Mmonaki mmoja, Volmar, ndiye aliyemsaidia kuandika. Kitabu cha kwanza, Scivias, kilichukua kama miaka kumi. Kabla hakijaisha, Papa Eugenio III alifika Trier kwenye sinodi, kati ya 1147 na 1148, akasomewa sehemu yake na akamruhusu aendelee. Fikiria mtawa wa kike wa karne ya kumi na mbili, asiye na shule rasmi, maandishi yake yanasomwa mbele ya Papa na maaskofu. Haikuwa kawaida kabisa.

Karibu mwaka 1150 aliwahamisha masista wake, wapata ishirini, kwenda Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen, pale mto Nahe unapoingia Rhine. Abate hakutaka waondoke. Hildegard akalala kitandani kama jiwe, hageuki, mpaka ruhusa ilipopatikana. Wengine wanaweza kuona hapo ni ukaidi, na mimi siwezi kuapa kwamba haukuwepo hata kidogo. Alikuwa mtu wa kung'ang'ania. Sista aliyempenda kuliko wote, Richardis, alipochaguliwa kuwa abesi mahali pengine, Hildegard alipigana vita ya barua hadi kwa Papa ili arudishwe, na alishindwa. Richardis alifariki mwaka 1152. Pia alipokea nyumbani kwake mabinti wa makabaila tu, na mkuu mwingine wa watawa, Tengswich wa Andernach, alimwandikia kumuuliza waziwazi kuhusu jambo hilo. Jibu la Hildegard halinipendezi. Nasema haya ili msidhani watakatifu walishushwa toka mbinguni wakiwa tayari wamepigwa pasi.

Lakini tuje kwenye nyimbo. Zimebaki zaidi ya sabini: antifona, viitikizano, tenzi, na nyingi zilitungwa ziimbwe na masista wake katika Sala ya Kanisa na Misa. Wale mnaoimba kwaya, siku moja zitafuteni msikilize. Sauti inaanza chini, halafu inapanda bila kuomba ruhusa, inapanda tena, mpaka unajiuliza huyu sista anapumulia wapi. Hakuna ngoma, hakuna kinanda cha kusukuma mbele. Mara ya kwanza nilichoka baada ya dakika tatu, nakiri. Ilibidi nizime taa ndipo nikaanza kusikia.

Alitunga pia mchezo mzima wa kuimba, Ordo Virtutum, ambamo Roho ya mtu inavutwa huku na Fadhila, kule na Shetani. Fadhila zinaimba. Roho inaimba. Shetani peke yake haimbi. Anapiga kelele tu, anaropoka, mpaka mwisho hapewi hata nota moja. Jambo hilo mliweke akilini, maana linarudi.

Sasa mwaka 1178. Hildegard ana miaka themanini. Kijana mmoja wa kikabaila amezikwa kwenye makaburi ya monasteri ya Rupertsberg. Huyu wakati fulani alikuwa ametengwa na Kanisa. Ila kabla ya kufa aliungama, akapakwa mafuta, akapokea Komunyo, akazikwa na padre bila mtu yeyote kupinga. Viongozi wa Kanisa wa Mainz wakaona vingine. Askofu mkuu wao, Christian, alikuwa mbali Italia, na wao waliobaki wakatoa amri: fukueni mwili huo muutupe nje ya ardhi takatifu, la sivyo monasteri nzima inafungiwa ibada.

Hildegard akakataa kufukua. Mtu aliyepatanishwa na Mungu amepatanishwa, huwezi kumtoa kaburini ili umhukumu mara ya pili. Inasimuliwa kwamba alikwenda mwenyewe makaburini na fimbo yake, akazifuta alama zote za kaburi lile ili asipatikane mtu wa kulitambua.

Adhabu ikashuka. Hakuna Komunyo. Hakuna kengele. Na Sala ya Kanisa isiimbwe, isomwe kwa sauti ya chini, milango ikiwa imefungwa. Hawa ni wanawake ambao siku yao nzima ilijengwa juu ya kuimba, usiku wa manane, alfajiri, mchana, jioni. Mara moja, kimya. Mnanong'ona Zaburi kama watu wanaojificha.

Hapa ndipo nilipojiuliza ningefanya nini mimi. Nadhani ningechagua moja kati ya mawili: ama nifukue nipate amani, ama niimbe kwa nguvu nikiwadharau wakubwa. Bibi huyu hakufanya hata moja. Hakufukua, kwa sababu aliona ni dhambi. Na hakuimba, kwa sababu aliyekataza alikuwa na mamlaka ya Kanisa. Alikubali kimya kile kimuume, yeye na masista wake, na huku akaandika barua.

Barua hiyo kwa viongozi wa Mainz ndiyo maandishi yake ninayoyapenda kuliko yote. Anawaeleza, kwa adabu lakini bila kutetemeka, wimbo ni kitu gani. Anasema Adamu kabla ya kuanguka alikuwa na sauti iliyofanana na ya malaika wanaomsifu Mungu, na katika anguko akaipoteza. Manabii walipotunga zaburi na watu wenye hekima walipobuni vinanda, walikuwa wanamsaidia binadamu aikumbuke sauti ile aliyoisahau. Shetani alipoona mwanadamu ameanza tena kuimba, alifadhaika, na tangu hapo hajaacha kuvuruga sifa za Mungu, hata ndani ya Kanisa lenyewe, kwa kuleta ugomvi na hukumu zisizo za haki. Kisha anawaonya: wanaozinyamazisha nyimbo za Mungu duniani bila sababu nzito, waangalie wasije wakakosa nafasi katika kwaya ya malaika mbinguni.

Niliposoma hapo nilifunga simu.

Hebu nieleze kidogo kwa nini lilinichoma, mnivumilie nichanganye na ya darasani. Tulifundishwa kuhusu Boethius, ambaye zama za kati walimsoma sana. Yeye aligawa muziki mara tatu: muziki wa ulimwengu, yaani mpangilio wa nyota na majira, muziki wa mtu, yaani roho na mwili vikipatana, na mwisho ndiyo muziki wa vyombo. Mtihani niliupata vizuri. Ila sikuwahi kuona inahusu nini kanisani. Kwa Hildegard roho ya mtu yenyewe ina mlio, imeumbwa iimbe, na mwili ni kama kinanda chake. Basi ukiimba Zaburi, yale yaliyovunjika ndani yako yanakutana kwa muda mfupi. Kila Misa, kabla ya "Mtakatifu", padre anatangaza kwamba tunaungana na malaika. Nimeisikia maelfu ya mara. Sikuwahi kufikiri kwamba inasema jambo la kweli, linalotokea pale pale, kwenye kigango chenye bati linalovuja.

Mambo ya Mainz hayakuisha haraka. Hildegard alikwenda mwenyewe mjini, na umri ule, akalia mbele yao, hawakumsikia. Askofu mkuu Philip wa Köln akaja kumsaidia, akiwa na askari mmoja aliyekuwa ametengwa pamoja na marehemu, akashuhudia kwamba wote wawili walifunguliwa siku moja na padre yule yule. Adhabu ikalegezwa. Halafu barua nyingine ikaja toka kwa Askofu mkuu Christian, ikairudisha! Alikuwa amepewa habari za upande mmoja. Hildegard akachukua tena kalamu, akamwandikia huko huko aliko. Mwezi Machi 1179 adhabu ikaondolewa kabisa, na Askofu mkuu akaomba msamaha.

Laiti tungejua waliimba nini jioni ile ya kwanza.

Miezi sita baadaye, tarehe 17 Septemba 1179, Hildegard akafariki. Ndiyo siku ya kumbukumbu yake hadi leo. Papa Benedikto XVI alimwandika rasmi katika orodha ya watakatifu wa Kanisa zima mwezi Mei 2012, na tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa nne kupewa heshima hiyo baada ya Teresa wa Avila, Katarina wa Siena na Teresa wa Mtoto Yesu.

Jumatano yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kigango, nikamwambia nilikosea nilipotoa yale maoni. Haikuwa rahisi, alinitazama sana. Wazee wakaitwa tena, wanakwaya wakaitwa, tukakaa hadi giza likaingia. Wawili kati yao walikuwa hawasalimiani tangu Pasaka. Hapo nikaelewa kwamba wazee nao hawakuwa na roho mbaya: kuna ugomvi ambao ukiuimbia juu yake unazidi kuoza. Wale wawili walipeana mikono nje, mimi nikiwa naangalia pembeni kama vile sioni.

Kwaya ilirudi Dominika ya tatu. Teno waliingia mapema kwenye "Mtakatifu", besi wakawasubiri, ikawa vurugu kidogo. Yule mama mzee alikuwa benchi la pili, amefumba macho, anaimba sauti ambayo haimo kwenye karatasi yoyote.

Daftari la sare halijapatikana mpaka leo.