Maisha ya Marehemu John Mensah Sarbah, Wakili Aliyewatumikia Watu Wake



Hesabu za mwaka huonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka, lakini iko kazi kubwa isiyoonekana katika hesabu hizo, nayo ni ile ya watu wanaokaa katika kamati na kuwasemea wenzao bila ujira. Kwa sababu hiyo imefaa kuyaeleza hapa maisha ya marehemu John Mensah Sarbah, mtu wa Afrika ya Magharibi, ambaye alikuwa na elimu ya kumtosha kujitajirisha peke yake, lakini aliitoa sehemu kubwa ya elimu hiyo kwa ajili ya shughuli za watu wake.

Mensah Sarbah alizaliwa mwaka 1864 katika pwani ya nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Alikuwa wa kabila la Wafante. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye sifa, tena alipata kuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi ile. Kijana alisoma kwanza katika shule ya misheni ya Wesleyan mjini Cape Coast, kisha akapelekwa Uingereza katika shule ya Taunton, na baadaye akajifunza sheria katika Lincoln's Inn, London. Mwaka 1887, akiwa na umri usiozidi miaka 23, alikubaliwa kuwa wakili wa daraja la kusimama na kunena mbele ya majaji. Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Gold Coast kufikia cheo hicho.

Aliporudi kwao hakukosa kazi. Biashara ya pwani ilikuwa imestawi, na watu wenye mashauri ya mali na mirathi walikuwa wengi. Lakini tangu mwanzo hakuitenga kazi yake na mambo ya wenzake. Mwaka 1889 yeye na rafiki zake wa Cape Coast walianzisha chama kilichoitwa Mfantsi Amanbuhu Fekuw. Shabaha ya chama hicho ilikuwa kuhifadhi mila na desturi za Wafante, kwa kuwa wasomi wengi wa siku zile walikuwa wakizidharau na kuiga ya wageni. Mtu angaliweza kudhani kwamba kazi hiyo ni ya mazungumzo tu, isiyo na faida. Haikupita miaka 10 kabla faida yake haijaonekana.

Katika mwaka 1897 Serikali ya Gold Coast, chini ya Gavana Sir William Maxwell, ilileta mswada wa sheria ya ardhi. Mswada wa namna hiyo ulikuwa umeletwa mwaka 1894 ukapingwa hata ukaachwa. Huu wa pili uliipa Serikali mamlaka ya kusimamia ardhi iliyoihesabu kuwa ya umma, na wananchi waliokuwa wakiimiliki ardhi kwa desturi za baba zao wangalikuwa kama wakaaji tu, hata wapate hati ya Serikali. Machifu na wazee walifadhaika. Walijua kwamba hapakuwa na ardhi isiyo na mwenyewe katika nchi yao, hata kama ilikuwa msitu mtupu, kwa kuwa kila kipande kilikuwa cha ukoo, au cha kijiji, au cha kiti cha mtawala. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na kulithibitisha mbele ya Baraza kwa lugha ya sheria ni kitu kingine.

Hapo ndipo machifu na wasomi walipoungana wakaanzisha Chama cha Kulinda Haki za Wenyeji, na Mensah Sarbah akawa mmoja wa waasisi wake. Yeye pamoja na wakili mwenzake, Bwana Awooner Renner, walisimama mbele ya Baraza la Kutunga Sheria kwa niaba ya wananchi kuupinga mswada. Alieleza jinsi ardhi inavyomilikiwa kwa desturi, na jinsi sheria hiyo ingalivunja mamlaka ya wazee na umoja wa jamaa. Baada ya kazi hiyo alipewa ujira, kama ilivyo haki ya kila wakili, naye akakataa kuupokea.

Jambo moja latupasa kuliangalia kwa makini. Pamoja na elimu yake yote, Mensah Sarbah hakujifanya mwenye chama. Rais wa kwanza wa chama alikuwa mfanyabiashara, Bwana Jacob Wilson Sey. Mwaka 1898 chama kilipotuma wajumbe London, waliokwenda walikuwa Bwana Sey huyo na wenzake wawili, Bwana Jones na Bwana Hughes. Wajumbe hao walionana na Waziri wa Makoloni, Bwana Joseph Chamberlain, wakamweleza shauri lao, na mswada ule ukaondolewa. Hivyo machifu walitoa idhini yao, wafanyabiashara walibeba ujumbe, na wakili alitoa maarifa yake. Kila mmoja alifanya kazi iliyomfaa, wala hakuna aliyemnyang'anya mwenzake nafasi.

Wazee wetu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mensah Sarbah alitambua kwamba sheria za desturi zikibaki katika vichwa vya wazee tu, kila jaji mgeni ataweza kuzikana. Mwaka ule ule wa 1897 alichapisha kitabu kuhusu sheria za desturi za Wafante, ndani yake akiweka pia hukumu zilizokwisha kutolewa na mahakama. Mwaka 1904 alitoa kitabu kingine cha hukumu, na mwaka 1906 kitabu juu ya katiba ya taifa la Wafante. Mahakama za nchi ile zilivitumia vitabu vyake kwa miaka mingi baada ya yeye kufa. Kwa njia hiyo utumishi wake haukukoma siku alipoondoka mahakamani.

Mwaka 1901 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akakaa humo mpaka mwisho wa maisha yake. Nafasi hiyo haikuwa rahisi. Aliyemteua ni Gavana, wala hakuchaguliwa kwa kura za wananchi, na maofisa wa Serikali ndio waliokuwa wengi katika Baraza. Shauri jema la mjumbe liliweza kushindwa kwa hesabu ya mikono tu. Hata hivyo hakukiacha kiti chake, kwa maana asiyekuwapo na lake halipo. Neno lililonenwa Barazani huandikwa, na lililoandikwa laweza kusomwa tena na watakaokuja.

Hakusahau elimu ya vijana. Alikuwa miongoni mwa walioshughulika kuifufua shule ya Wesleyan ya Cape Coast, ambayo mwaka 1905 ilipata jina la Mfantsipim. Katika shule hiyo alisoma, miaka mingi baadaye, Bwana Kofi Annan aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1910 Mensah Sarbah alipewa nishani ya heshima ya C.M.G. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Baadaye Chuo Kikuu cha Ghana kiliita mojawapo ya mabweni yake kwa jina lake.

Sisi wa Kenya tunayo sababu ya kuyapima maisha haya. Miaka minne tu baada ya mswada wa Gold Coast kuondolewa, yaani mwaka 1902, Sheria ya Ardhi ya Taji ilipitishwa katika nchi yetu, na ile ya mwaka 1915 ikaihesabu hata ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ya Taji. Hatukuwa na wakili Mwafrika wa kusimama Barazani siku zile. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza letu, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944; na wakili wetu wa kwanza, marehemu Argwings-Kodhek, alianza kazi katika miaka ya 1950, akawatetea washtakiwa wengi wa siku za Hali ya Hatari. Hatusemi kwamba wakili mmoja angalizuia yote, kwa maana hali za nchi hizi mbili zilikuwa mbali mbali. Lakini baba zetu walikuwa na haki, nao hawakuwa na mtu wa kuinena haki hiyo mahali ilipokuwa ikiamuliwa.

Basi, ndugu wanachama, anapopatikana kijana wetu aliyesoma sheria akakubali kuisaidia kamati, tusimwachie mzigo wote, wala tusimwite siku ya hatari tu. Tumpe mapema hati na kumbukumbu za mikutano, zikiwa kamili na za kweli. Tumlipie nauli anapotumwa kwa kazi ya wote. Wazee wamfundishe desturi, naye ayaandike anayofundishwa. Uamuzi ubaki kwa mkutano, na yeye aeleze sheria bila kuficha, hata pale isipotupendeza. Na kijana huyo naye akumbuke kwamba Mensah Sarbah alikuwa na wateja wa kutosha, na bado alipata wakati wa kuketi pamoja na wazee wa kwao.